Hita ya gesi bafuni: fundi kasema haihitaji bomba la moshi. Naombeni ushauri

Binti Unyanyembe:
Mwangaluka wakuu. Nina gesti ndogo hapa Ipuli, Tabora. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, na wageni wangu wengi ni madereva wanaoondoka alfajiri, kila mtu anataka maji ya moto. Hita za umeme zinakula luku kupita maelezo, nikanunua ya gesi, ile ya lita 6 kwa dakika inayojiwasha ukifungua maji. Fundi kaifunga bafuni, mtungi wa kilo 15 humo humo nyuma ya mlango. Juu ya hita kuna mdomo wa duara. Nikamuuliza bomba lake liko wapi, akajibu hizi za kisasa hazina moshi, dirisha linatosha. Dirisha ni la aluminiamu na wageni wanalifunga kwa baridi.

Juzi mgeni katoka kuoga analalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Akasema malaria hiyo. Kapima, hana. Inaweza kuwa hita? Nataka kufunga nyingine vyumba vilivyobaki.

Mzee wa Busara:
Tunapikia gesi ndani miaka yote, hatujafa. Huyo mgeni uchovu wa safari tu.

Fundi Koleo:
Dada, zima hiyo hita leo, usisubiri kesho.

Mzee wangu, jiko na hita ni vitu viwili. Plate moja ya jiko ni kilowati 2 au 3. Hita ya lita 6 ni kama 12. Kilo moja ya gesi inataka takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue vizuri, na hita hii ikiwaka saa nzima inakaribia kumaliza kilo hiyo. Bafu la mita moja na nusu kwa moja na nusu, dari mita mbili na nusu, lina hewa isiyofika mita za ujazo 6. Yaani nusu saa inadai hewa ya bafu zima, na mwali unaanza kuumwa mapema zaidi, oksijeni ikipungua kidogo tu. Hapo ndipo inapotoka kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Haina harufu wala rangi, haikereketi koo. Anayeoga analegea miguu, na mlango kafunga kwa ndani.

Huo mdomo wa duara ndio mahali pa bomba. Kiwanda hakikuuweka kuwa pambo.

Nesi wa Zamu:
Naongezea. Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwenye hewa na mumpeleke hospitali, na mkifika semeni wazi alikuwa anaoga kwa hita ya gesi. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kusoma oksijeni iko vizuri kumbe mtu ana sumu, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hiyo kaboni monoksidi. Msiposema, ataandikiwa dawa za malaria.

Binti Unyanyembe:
Mmenitisha, nimeshafunga valvu ya mtungi. Nikiweka bomba na feni ya kutoa hewa, itabaki bafuni?

Fundi Koleo:
Feni ndiyo usiguse kabisa. Dirisha likifungwa, feni inavuta hewa popote inapopata, na njia rahisi ni hilo hilo bomba. Moshi unarudi ndani. Uingereza sheria yao hairuhusu hita ya aina hii kwenye chumba cha kuogea. Inaruhusu ile iliyofungwa kabisa tu, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje.

Wewe hamisha hita ukuta wa nje, nyuma ya bafu, chini ya paa. Maji yatachelewa sekunde chache kupata moto, basi. Isiwe karibu na dirisha la chumba chochote, maana moshi ukiingia kwa mgeni wa jirani hujafanya kitu.

Mgebuka:
Kwetu Ujiji upepo wa ziwa unapuliza hadi mwali unazimika. Tumeweka kizuizi cha bati upande mmoja tu, siyo kuizungushia kama kibanda. Na bomba la moshi lina kofia.

Asali Mbichi:
Na wezi je? Mtungi nje Tabora hii, asubuhi unakuta mpira unaning'inia.

Fundi Koleo:
😂 Tengeneza kizimba cha nondo kilicho wazi chini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo usijenge sanduku la matofali, na kisiwe juu ya shimo la maji taka. Viungo vyote paka povu la sabuni, usipime kwa kiberiti.

Kama kuna chumba ambacho ukuta wa nje haupo, hita ikae stoo yenye matundu mawili ya kwenda nje, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, kila moja sentimita 10 kwa 10 zilizo wazi. Ukiweka wavu wa mbu, ongeza ukubwa, wavu unakula nafasi na vumbi la kiangazi linauziba. Bomba la chuma lipande kwenda nje, lisilale wala kushuka. Hita ikiwaka, sogeza udi kwenye uwazi wa juu ya hita, chini ya bomba: moshi wa udi uvutwe ndani. Ukipeperuka kukujia usoni, bomba halivuti, zima.

Binti Unyanyembe:
Mwali wenyewe una ncha za njano, na pembeni ya bati pameanza weusi. Ni kawaida?

Fundi Koleo:
Siyo kawaida. Unatakiwa uwe wa bluu. Hayo ni masizi, hita isafishwe kabla haijafungwa nje, na ukague regyuleta ni ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha hita. Fundi aliyeifunga mara ya kwanza usimrudishie kazi.

Mzee wa Busara:
Ya kwangu iko chooni. Naenda kuangalia kama ina huo mdomo.