Kingi mbili mapema kwenye tonamenti: uingie pole, upandishe, au usukume zote?

Barani_Boy (Malindi)
Salaam wakuu, nisaidieni, hiki kitu kimeninyima usingizi wiki nzima. Nacheza poka za mtandaoni, tonamenti za dola moja, meza ya watu tisa, unaanza na chipu 5,000 na blaindi (beti za lazima za watu wawili kila mkono, ndogo na kubwa) ni 25/50, yaani una blaindi kubwa 100 na muda tele. Pea (kadi mbili zinazofanana) ndogo sina shida nazo. Shida ni zile kubwa zikija mapema. Wiki hii nimepata kingi mbili mara tatu, nimecheza kwa njia tatu tofauti na hakuna hata moja iliyoniridhisha.

Jumatatu nilikuwa mtu wa pili kuongea, nikaingia pole, yaani na 50 tu bila kupandisha, nikitaka kuwategea. Tukafika watano kwenye flopu (kadi tatu za kwanza mezani), potu (fungu la beti zote) 250. Zikashuka 9 ya kopa, 4 ya uru, 2 ya pao. Nikabeti, jamaa wa blaindi kubwa akapandisha, nikapandisha juu yake, akasukuma chipu zake zote nikamfuata. Akafunua 9 na 4, pea mbili dhidi ya pea yangu moja. Kadi ambazo ameziona flopu bure kabisa kwa sababu mimi sikumdai kitu! Potu ya 250 nikaitolea chipu zangu zote.

Jumatano nikapandisha hadi 150, akanifuata mmoja, flopu ikaja na esi, nikaganda, nikacheki (kupitisha bila kubeti) mpaka riva, ile kadi ya tano na ya mwisho, akabeti nikatupa.

Ijumaa nikasema liwe liwalo, nikasukuma 5,000 kabla ya flopu. Meza nzima ikatupa, nikaokota 75. Na pea yoyote unayoitaja kwa jina huja mara 1 tu kwa mikono 221, sasa naisubiri tena mpaka lini? Nyinyi wa siku nyingi, mwachezaje?

FundiWatamu
Pole kaka. Mimi nilifundishwa hold'em, yaani poka ya aina hii, na Wataliano wa hapo Malindi miaka mingi iliyopita, na kitu cha kwanza walichonipigia kelele ni hiki cha Jumatatu. Pea kubwa haipendi watu wengi. Chukua hata esi mbili, mkono bora kuliko yote: ukiwa na mpinzani mmoja mwenye kadi zozote unashinda karibu 85 kwa 100. Wakiwa wawili inashuka hadi 73 hivi, watatu 64, wanne kama 56. Kingi ziko chini kidogo ya hapo. Kwa hivyo wewe ulijikaribishia wageni wanne halafu ukashangaa mmoja kala.

Ukiniuliza mimi, pandisha kila mara, na usipandishe kwa woga. Hakuna aliyeingia mbele yako, weka mara 3 ya blaindi, 150. Kama kuna walioingia pole mbele yako, ongeza blaindi moja kwa kila kichwa, yaani wawili mbele yako weka 250. Meza za dola moja watu wanafuata na kila kitu, hata ukiweka mara 4 au 5 bado utapata mteja.

Na angalia potu inavyokua yenyewe bila pupa. Umeweka 150, blaindi kubwa amefuata, potu 325. Flopu beti 200 akifuata ni 725. Kadi ya nne beti 450, ni 1,625. Riva beti 1,000, ni 3,625. Umeshatoa 1,800 yako taratibu na yeye pia, na kila hatua umempa nafasi ya kukosea na wewe nafasi ya kusoma anachofanya. Kusukuma 5,000 ili upate 75 unakuwa umewafukuza hao hao waliokuwa tayari kukulipa.

Simba_wa_Ngala
Mimi napingana nawe Fundi kidogo. Hizi meza za dola moja dakika kumi za mwanzo ni vita, watu wanafuata olin (mtu akisukuma zote) na esi saba, na kwini kumi. Kingi mbili dhidi ya esi na saba unashinda karibu mara 7 kwa 10, hiyo si biashara mbaya. Ukipata mara mbili ya chipu mapema unakaa mezani kama bosi. Na usajili ukiwa bado wazi ukitoka unaingia tena.

Dada_Maweni
Simba, unaingia tena kwa dola ya nani? Mimi nimewahi kuingia tena mara tatu kwa usiku mmoja na nikamaliza kwenye zawadi ndogo ambayo haikurudisha hata nilichotoa.

Na hilo la bosi lina hesabu yake. Kwenye tonamenti chipu ukizipata mara mbili thamani yako haiwi mara mbili, kwa sababu wa kwanza hachukui fungu lote, wa pili na wa tatu nao wanalipwa. Lakini ukizipoteza zote umepoteza kila kitu. Kwa hivyo chipu unayopoteza ina uzito kuliko ile unayoshinda. Mwanzoni tofauti hiyo ni ndogo kweli, sikatai, inakuwa kubwa mkikaribia malipo. Hoja yangu kubwa ni nyingine: mtu anayefuata 5,000 na esi saba, huyo huyo atafuata 250, na flopu ikija na saba atakupa zote mwenyewe, wakati huo wewe ndiye uko mbele kwa mbali. Kwa nini ulazimishe ile 3 kwa 10 ya kutoka nje?

Tofauti ni kama mtu ameshapandisha mbele yako na mwingine kapandisha juu yake. Hapo kingi mbili zangu zinaingia zote bila kuwaza. Kwenye meza ya tisa, ukishika kingi, uwezekano wa mmoja kati ya wale wanane kuwa na esi mbili ni kama 1 kwa 25. Ikitokea imetokea. Msianze kutupa kingi kabla ya flopu kwa kuogopa mizimu.

MwanaAmu
Asalaam aleikum. Mimi niko Lamu, nacheza zile za bure tu zisizo na kiingilio, kwa sababu ya dini pesa siingizi, lakini mchezo wenyewe naupenda sana kwa hesabu zake, kama vile wazee wa huku wanavyopenda bao na karata. Nataka kuongeza jambo hamjalitaja: mtandao.

Juzi nilikuwa kwenye boti natoka Mokowe, nina kwini mbili. Nimepandisha, mmoja kafuata, flopu imeshuka 7, 5, 3, yote chini yangu. Boti ikaingia pale mkondoni simu ikabaki inazunguka tu, kale kaduara katikati ya kioo, nakaangalia maji yananirukia mkononi. Mtandao kurudi, programu ilishanitupia kadi, maana mwenzangu alibeti na muda wangu ukaisha. Ningekuwa nimesukuma zote kabla ya flopu, mtandao ungekatika utakavyo, kadi zingefunuliwa zenyewe. Kwa hiyo yakhe, kusukuma kuna faida yake mahali pamoja.

FundiWatamu
Shekhe hiyo ndiyo sababu pekee ya kusukuma mapema niliyowahi kusikia nikaikubali. Ila dawa yake hasa ni kutocheza botini. Stima ikipotea nyumbani je? Weka data ya simu tayari kando ya waifai, usingoje mpaka kadi ziko mkononi.

Barani_Boy
Asanteni sana. Kuingia pole nimeachana nako. Lakini hamjanijibu la Jumatano, esi ikishuka na mimi nina kingi nafanyaje?

Dada_Maweni
Kwanza ujue si mkosi. Ukiwa na kingi, esi inatokea flopu karibu 23 kwa 100, zaidi ya mara moja kwa mikono mitano. Ukiwa na kwini, esi au kingi inatokea kama 41 kwa 100. Jeki ndiyo balaa, zaidi ya nusu ya flopu zina kadi iliyoizidi.

Ukiwa na mtu mmoja, beti ndogo mara moja, theluthi ya potu. Ulipandisha wewe, kwa macho yake hiyo esi inaweza kuwa yako, na wengi wenye pea za katikati watatupa. Akifuata, punguza mwendo, cheki. Akibeti kidogo mara moja mfuate, akianza kubeti kubwa kwenye kadi ya nne na ya tano, achia. Wakiwa watatu au wanne, usibeti hata hiyo ndogo. Kosa lako la Jumatano ni kwamba ulicheki toka mwanzo, hukumuuliza swali hata moja, riva ukatupa bila kujua kitu.

Na la Jumatatu pia ni hilo hilo. Una blaindi 100 na pea moja tu, mtu wa blaindi kubwa aliyekaa kimya ghafla anapandisha juu yako kwenye flopu kavu (kadi zisizoshikana) ya 9, 4, 2. Mfuate, usimrudishie. Pea moja ni ya potu ya kiasi, si ya chipu zote.

Simba_wa_Ngala
Hapo kwenye pea moja nimekuelewa dada. Nitajaribu kupandisha wiki hii nione.

Barani_Boy
Narudisha mrejesho. Jana usiku nimepata kwini mbili, blaindi 25/50, mmoja kaingia pole mbele yangu, nikaweka 200. Wengine wote wametupa, yeye kafuata, potu 475. Flopu kingi, 8, 6. Nikabeti 160, kafuata. Kadi ya nne esi. Nikacheki, akabeti 600 bila kuchelewa. Mkono ulinitetemeka kwenye kitufe lakini nikatupa, nikabaki na 4,640. Baadaye kidogo mtu mwingine akamfuata huyo huyo mpaka mwisho kwenye mkono mwingine, akafunua esi na kingi, kwa hivyo ni mtu anayeingia pole na kadi nzito, nikaandika kwenye kijitabu changu. Blaindi zilipopanda hadi 50/100 bado nilikuwa na 46 za kuchezea, na waliokuwa wakisukuma zote kila mkono walikuwa washatoka watatu.