Kwa nini shaba, na si platinamu, ndiyo inayogeuza hewa ukaa kuwa gesi ya kuwaka?

MwalimuMoro:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia kidato cha sita hapa Morogoro. Juzi tukiwa kwenye vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha, mwanafunzi mmoja akasema amesoma kwamba ukipitisha umeme kwenye maji yenye hewa ukaa, ukatumia elektrodi ya shaba (kipande cha kupitishia umeme majini), unapata methani, gesi inayowaka. Kwa dhahabu hupati. Kwa platinamu, tunayoisifu kila siku darasani, ndiyo kabisa. Akauliza sababu, darasa zima likanigeukia. Vitabu tulivyonavyo vinaishia kwenye haidrojeni na oksijeni. Na sasa wanataka kujaribu wenyewe kwa waya wa shaba na betri ya gari. Kuna anayeifanya kazi hii?

Elektrodi:
Shikamoo Mwalimu. Ndiyo kazi yangu ya uzamivu, nipo maabara huku Ujerumani.

Kijana wako kasoma sawasawa. Aliyeionyesha ni Yoshio Hori wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Mwaka 1985 yeye na wenzake walijaribu metali moja baada ya nyingine kwenye maji ya bikaboneti, chumvi ya jamii ya ile ya keki, wakapima kinachotoka. Risasi na bati hutoa fomati, chumvi ya asidi ya fomiki. Dhahabu na fedha hutoa kaboni monoksidi. Platinamu, nikeli na chuma, karibu haidrojeni tupu. Shaba ikatoa methani, na 1986 wakaripoti pia ethilini, ile inayotengenezewa plastiki.

Siri iko kwenye kaboni monoksidi. Hewa ukaa ikishapokea elektroni 2, inakuwa kaboni monoksidi iliyokalia uso wa metali. Dhahabu inaishika kwa ulegevu, inaiachia, inapanda na mapovu. Platinamu inaing'ang'ania mpaka uso unajaa, na umeme wote unaishia kutoa haidrojeni kwenye maji. Shaba inaishika kwa kiasi: inakaa muda wa kutosha haidrojeni kuifikia, au kaboni monoksidi mbili zilizo jirani kuungana. Methani inataka elektroni 8, ethilini 12, kwa hiyo bila kushikwa vizuri safari haifiki.

Waambie mapema kwamba kichocheo hakizalishi nishati. Methani ikiungua inatoa joto. Kurudi nyuma, kutoka hewa ukaa hadi methani, lazima ulipe nishati ile na zaidi. Umeme wako ukitoka kwenye makaa ya mawe, umeongeza moshi tu.

Kinachotula muda maabara ni uchafu. Bikaboneti, hata ile ya bei, ina chembe za chuma na zinki. Asubuhi mashine ya kuchambua gesi inachora kilele kizuri cha methani. Saa zinavyokwenda kilele kinafifia, cha haidrojeni kinapanda, na shaba ukiitazama kwa macho ni ile ile. Chembe zimetua juu yake. Kundi la Hori lililieleza hili wazi mwaka 2005. Mimi kabla ya jaribio napitisha mkondo mdogo kwenye maji usiku kucha kwa elektrodi nyingine, uchafu unase huko, ndipo shaba iingie.

BintiNaivasha:
Mvuke wa Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi hapa Kenya, hutoka ardhini ukiwa na hewa ukaa. Hatuwezi kuifanyia hivyo?

Elektrodi:
Dada, Aislandi wamefanya, kwa njia tofauti. Svartsengi kulifunguliwa kiwanda 2012, kikapewa jina la George Olah, mkemia wa Nobel ya 1994. Hewa ukaa ilitoka kwenye kituo cha umeme wa jotoardhi. Umeme ulitenganisha maji kupata haidrojeni, kisha gesi zote mbili zikapitishwa juu ya kichocheo kwa joto na mgandamizo mkubwa, ikapatikana methanoli, alkoholi inayotumika kama mafuta. Uwezo wake ulifikia tani 4,000 kwa mwaka. Vichocheo vya methanoli viwandani kwa kawaida ni shaba na oksidi ya zinki. Zinki ile ile inayoniharibia mimi, huko ni msaidizi!

Gharama kubwa ni haidrojeni. Lakini Olkaria mna umeme usiotokana na makaa, na hewa ukaa inatoka pale pale. Ningependa sana kuona wahandisi wetu wakilipigia hesabu.

MwalimuMoro:
Marahaba kijana, umenisaidia sana. Na lile jaribio la wanafunzi?

Elektrodi:
Wafanye, Mwalimu, ila betri ya gari iacheni, waya zikigusana mtaungua. Betri za redio zinatosha. Tumieni bikaboneti ya sodiamu, ile ya keki, wala si chumvi ya mezani, maana itatoa klorini. Shaba iwe upande wa hasi. Chanya wekeni kijiti cha kaboni cha betri kuukuu, shaba ikiwekwa huko inalika. Madirisha wazi, moto mbali. Mapovu mtakayoyaona ni haidrojeni karibu yote, methani haipimiki bila mashine. Na waya kama ni wa mota, usugueni kwanza kwa msasa, una vanishi.