Toleo la sita la D&D: vitendo vitatu kwa zamu, au tubaki na mfumo wa sasa?

Mpigadadu
Wakuu, hapa tunabashiri tu, msije mkaniuliza tarehe. Sheria za 2024 za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, zilikarabati toleo la tano la 2014 bila kulibomoa. Tuseme siku moja watunzi waamue kubomoa kweli: mngeanzia wapi?

Mimi ningeanzia kwenye zamu. Leo mchezaji ana mwendo, ana kitendo, ana kitendo cha ziada, na bado kuna cha kujibu. Mgeni akiuliza kama anaweza kutumia kitendo chake kufanya jambo la kitendo cha ziada, anaambiwa hapana, na hakuna anayeweza kumweleza sababu. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, tangu toleo lake la pili la 2019, inakupa vitendo vitatu vya aina moja. Tembea, piga, inua ngao, upendavyo.

ShokaButu
Naunga mkono, ila tutaje na gharama. Kule pigo la pili katika zamu kwa kawaida linakatwa 5 kwenye matokeo ya dadu, la tatu 10. Mpiganaji anayehitaji 11 kwenye dadu ya pande 20 ana asilimia 50 ya kupata pigo la kwanza, 25 la pili, na 5 tu la tatu. Utamu uko hapo! Pigo la tatu ni la kubahatisha, kwa hiyo unaanza kufikiri: nirudi nyuma, au nimtishe adui? Kwenye D&D mpiganaji akifika ngazi ya 5 anapiga mara mbili bila kukatwa chochote, basi anasimama palepale kama mkata kuni.

KofiaYaMchawi
Na sisi wenye fimbo je? Kule uchawi mwingi unakula vitendo viwili. Ukishatupa mpira wa moto umebakiwa na kimoja, labda usogee nyuma kidogo.

Halafu mnamsahau mwizi. Kwenye D&D, kuanzia ngazi ya 2, anakimbia, anajichomoa au anajificha kwa kitendo cha ziada, na wengine wengi wanalazimika kutumia kitendo kamili. Ndiyo ladha yake. Mkimpa kila mtu vitendo vitatu huru, mwizi anabaki na nini? Na visa vya 2014 bado vinachezeka kwa sheria za 2024. Badilisheni zamu muone kama hamtaandika upya kila zimwi.

MgeniMezani
Samahani, kunywa dawa ya uponyaji ni kitendo au ni cha ziada? Wenzangu wamegawanyika.

KofiaYaMchawi
Kwa sheria za 2014 ni kitendo. Za 2024, cha ziada.

Mpigadadu
Asante mgeni, umenisaidia hoja.

Nahodha_77
Zamu chezeeni mtakavyo, ila wasiguse sheria ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ukihitaji 11, nafasi yako inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Ukihitaji 20, inatoka 5 hadi 9.75 tu. Yaani inakubeba pale matokeo yanapoyumba, na haikupi miujiza. Huku Pathfinder unajumlisha moja hapa, unatoa mbili pale, na msimulizi, yule anayeongoza mchezo, anasubiri. Nimeicheza, naipenda, lakini kichwa kinauma.

Kuhusu mwizi, Kofia ana haki. Hoja ya mazimwi ndiyo nzito zaidi, maana hakuna msimulizi atakayefurahi kutupa rafu nzima ya vitabu.

Mpigadadu
Basi tukutane katikati: vitendo viwili huru, na cha tatu kitokane na taaluma yako. Mwizi anabaki na ujanja wake, mchawi anatumia viwili kwa uchawi mkubwa.

ShokaButu
Mkuu, hapo umeieleza sheria ya sasa kwa jina jingine.

Mpigadadu
Tofauti ipo. Leo mwendo usioutumia unapotea. Kwangu mwendo ni kitendo kama kingine, ukisimama unapiga tena, na hilo pigo la pili nalikata 5.

KofiaYaMchawi
Na mazimwi?

Mpigadadu
Mazimwi niachieni wikiendi.