Tupeane uzoefu: kitabu gani cha rubani wa vita kilikupitiliza kituo?

Wakuu, naanza mwenyewe.

Going Solo cha Roald Dahl nilikiokota kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limechanika, tukavutana bei hadi buku tatu. Nilimjua kwa hadithi za watoto tu. Kumbe vita vinaanza mwaka 1939 jamaa alikuwa hapa hapa Dar, mfanyakazi wa Shell, na Kiswahili anakimudu! Akawasha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza.

Nilikuwa kwenye daladala nikifika pale anapojifunza kurusha Tiger Moth, kandege ka mafunzo kasiko na paa. Jamaa ni mrefu kama mnazi, kichwa kinatokeza juu ya kioo, upepo unamnyima pumzi, ikabidi ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Nikacheka peke yangu, konda akanikodolea macho. Halafu anakwambia wanafunzi walikuwa 16, na 13 kati yao walifia angani ndani ya miaka miwili. Hapo ndipo nilipopitilizwa kituo.

Kinachoniudhi ni Mdisho, mtumishi wake wa hapa Dar. Tunamsikia kwa mdomo wa bosi tu. Kitabu cha Mdisho ningenunua bila kuomba punguzo.

MDAU WA TABATA
Mkuu, Dahl msome ila usimeze kila neno. Ajali yake ya Septemba 1940 jangwani, jarida moja la Marekani mwaka 1942 liliipa kichwa cha habari kwamba alitunguliwa. Kwenye Going Solo, kilichotoka 1986, hakuna adui: uwanja hakuuona, mafuta yanaisha, giza linaingia, akashuka kwenye mawe. Mimi toleo la uzeeni ndilo naliamini. Halimpi ushujaa wowote.

NESI MSTAAFU, KIGAMBONI
Wanangu, someni The Last Enemy cha Richard Hillary. Alitunguliwa tarehe 3 Septemba 1940 akaangukia baharini, uso na mikono vimeungua. Nimefanya kazi wodi ya walioungua, nawaambia ukweli: kile kitabu nilikifunga mara mbili nikaenda kukaa barazani. Daktari wake, McIndoe, aligundua kuwa marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa na nafuu kuliko vya wenzao, akaanza kuwaogesha maji ya chumvi. Anayejua kilio cha mgonjwa bandeji ikibanduliwa ikiwa kavu, ataelewa maji yale yalikuwa rehema gani. Kitabu kilitoka 1942. Januari 1943 Hillary akarudi angani usiku, akafa. Mikono ile ile.

KIJANA WA MBEZI
Mnasoma Waingereza tu? Kuna Samurai! cha Saburo Sakai, Mjapani. Agosti 1942 alipigwa risasi kichwani juu ya kisiwa cha Guadalcanal, Bahari ya Pasifiki, jicho la kulia halioni, upande wa kushoto wa mwili umekufa ganzi, akairudisha ndege hadi kambini kwao Rabaul. Zaidi ya saa nne, kama kilomita 1,000 juu ya maji matupu. Mimi nikiumwa kichwa nafungua kesi kwa mama.

MWENYE MADA
Nesi shikamoo. Hicho cha Hillary bado unacho? Naazima, narudisha wiki ijayo.

NESI MSTAAFU, KIGAMBONI
Marahaba. Hata shemeji yangu alisema wiki ijayo. Ilikuwa 2017.