Mashamba 6, mbolea mbili: nitumie jaribio gani?

samadi_boy
Wakuu, habari za jioni. Nina wakulima 6 kule Mvomero. Kila mmoja alinipa vitalu viwili vinavyogusana: kimoja nikaweka samadi, kingine mbolea ya dukani. Mahindi tumeshapukuchua na kupima, kwa kilo:

Samadi: 41, 58, 33, 70, 49, 62
Dukani: 45, 61, 38, 73, 52, 68

Nimefanya jaribio la t la makundi huru (linalolinganisha wastani wa makundi mawili yasiyohusiana), p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hii kwa bahati tu, ikatoka 0.62. Msimamizi kairudisha kazi, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu "Hapana!" basi. Niongeze sampuli? Msimu umeshaisha.

Bi Takwimu
Mdogo wangu, usiongeze kitu. Tazama kitalu cha 33 na cha 70. Hizo kilo 37 si za mbolea, ni udongo wa watu wawili tofauti, nawe umeuacha umeze kilo 4 unazozitafuta. Kila dukani itolee samadi ya shamba lile lile: 4, 3, 5, 3, 3, 6. Wastani 4, mkengeuko sanifu (tofauti hizo zinavyotawanyika) kama 1.26, ugawe kwa kipeuo cha pili cha 6, unapata 0.52. Sasa 4 gawa kwa 0.52: t ni kama 7.7, na kwa digrii huru 5 (jozi 6 toa 1) mpaka ni 2.57; ukiuvuka, tofauti si rahisi kuwa ya bahati tu. Hilo ndilo jaribio la t la jozi.

Mwenye t yake, Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness. Makala yake ya 1908 ina mbegu za shayiri zilizokaushwa tanuruni na zisizokaushwa, jozi 11. Swali lako hilo hilo!

ngwini77
Nyongeza: ugawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele) ukague kwenye zile tofauti, si kwenye kilo. Msimamizi akilalamika kwamba 6 ni chache, mpe Wilcoxon ya jozi (jaribio linalopanga tofauti kwa ukubwa, halidai ugawanyo wa kawaida): p 0.031, na kwa jozi 6 haiwezi kushuka zaidi. Makundi yangekuwa huru kweli, ningesema Welch (t ya makundi huru isiyodai mtawanyiko ulio sawa).

samadi_boy
Nimeirudia, p iko chini ya 0.001. Asante dada! Sasa msimamizi anataka na mboji. Nifanye t mara tatu?

Bi Takwimu
Hapana, uwezekano wa kudanganyika, kuona tofauti isiyokuwepo, utapita asilimia 10. Fanya anova (jaribio moja linalolinganisha wastani zote kwa pamoja), kila shamba liwe bloku, yaani vitalu vyake vilinganishwe vyenyewe kwa vyenyewe, na zote tatu uzipande upya msimu mmoja, maana mvua si ile ile. Halafu, mbolea ipi iende kitalu kipi mwaka huu uliamuaje? Ulipiga kura, ili upande mzuri usiangukie mbolea moja tu?

samadi_boy
Samadi niliweka upande wa karibu na zizi. Ni nzito kubeba 😅