Timu za kuboresha huduma vituoni: nianzie wapi zisiishie kwenye mihtasari?

Mratibu_Mpya

Wakuu, habari za majukumu. Nimekabidhiwa kufuatilia ubora wa huduma kwenye kituo cha afya kimoja na zahanati nne ndani ya halmashauri. Kote huko timu ya kuboresha huduma (QIT) ipo ukutani: majina, vyeo, mpango kazi wa mwaka. Mihtasari ya vikao inafanana mwezi hadi mwezi kama imenakiliwa. Bango la 5S linang'aa, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, ila ukivuta droo ya pili unakuta glavu zimechanganyika na risiti za mwaka juzi.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kliniki ya presha na kisukari pale kituo cha afya. Ni kila Alhamisi. Wagonjwa wanaanza kufika saa kumi na mbili asubuhi, wa mwisho anaondoka saa nane mchana. Kadi 420 zimepangwa kwenye boksi kwa namba ya usajili, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nani alitakiwa kuja leo na hakuja. Presha inapimwa kwenye korido na mashine moja yenye mkanda mmoja. Matabibu ni wawili na kila mmoja ana utaratibu wake.

Maswali: nianze na kipi? Nipime nini ili nijue tunasogea? Na watumishi niwashirikishe vipi bila kuonekana mkaguzi mwingine aliyekuja na dodoso? Bajeti ya ziada hakuna.

Tabibu_Zamu

Mkuu, zahanati zote nne ziache kwanza. Shika hiyo kliniki ya Alhamisi peke yake, miezi mitatu. Ukianza na vituo vitano na viashiria ishirini, mwezi wa pili utakuwa unakusanya fomu tu.

Siku ya kwanza toa picha ya hali halisi kwa kadi 30. Usichukue zile za juu, maana za juu ni za wanaokuja mara kwa mara. Gawa 420 kwa 30 unapata 14. Chagua kwa bahati nasibu namba moja kati ya 1 na 14, anza na kadi hiyo, kisha chukua kila ya 14 inayofuata. Kwa kila kadi jibu maswali manne tu, ndiyo au hapana:

1. Amefika kliniki ndani ya miezi mitatu iliyopita?
2. Hudhurio la mwisho presha iliandikwa?
3. Ilikuwa chini ya 140/90?
4. Kama ilikuwa juu, kuna kilichobadilika: dozi, dawa ya pili, au angalau imeandikwa kwamba aliulizwa kama anameza dawa?

Kazi hiyo ni ya saa moja na nusu, watu wawili. Mmoja awe muuguzi wa kliniki hiyohiyo, na kalamu ashike yeye. Swali la nne ndilo huwa linaduwaza watu. Utakuta 160/100, miezi miwili baadaye 158/98, kisha 164/100, na dozi ni ileile ya dawa ya presha, amlodipine 5 mg. Si kwamba tabibu hajui. Anaona wagonjwa 60 kwa asubuhi moja, kipimo cha mara ya mwisho kipo nyuma ya kadi, na kila akiona juu anajiambia huyu katembea kwa miguu, tumwone mwezi ujao. Suluhisho lake ni dogo: muuguzi akipima akapata 140/90 au zaidi, anazungushia kalamu nyekundu kabla kadi haijaingia chumbani. Tabibu akiona duara mbili nyekundu mfululizo, lazima aandike hatua aliyochukua au sababu ya kutochukua. Na 180/110 kwenda juu hakai foleni, anaingizwa moja kwa moja, hasa akiwa na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, macho kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea.

Sasa kuhusu kipimo, hapa watu wengi wanajidanganya. Tuseme mwezi huu wamekuja 240 na 150 kati yao presha imetulia. Ukigawa kwa waliokuja unapata asilimia 62, unapiga makofi. Ukigawa kwa wote 420 waliosajiliwa ni asilimia 36. Mgonjwa aliyepotea hatoweki kwenye hesabu kwa sababu hakufika, na mara nyingi yeye ndiye atakayerudi na kiharusi. Tumia 420. Ondoa tu waliofariki na waliohamia kituo kingine kwa uthibitisho.

Hiyo ya kutulia presha ihesabu kila mwezi. Ila kwa wiki unahitaji kitu kinachocheza haraka zaidi: kati ya waliopangiwa Alhamisi hii, wangapi wamefika? Chora kwa mkono kwenye manila, wiki chini, asilimia pembeni. Ukishapata nukta 10 hadi 12 zipange kwa ukubwa na upige mstari kwenye namba ya katikati, na usishangilie wala kulalamika kwa nukta moja iliyopanda au kushuka. Nukta 6 mfululizo upande mmoja wa mstari, au 5 zinazopanda au kushuka bila kukatika, hapo ndipo pana jambo. Mvua, mavuno na Ramadhani vitakuchezea wiki mojamoja.

Sista_wa_OPD

Kabla hamjahesabu asilimia yoyote, hakikisheni presha yenyewe imepimwa. Kwenye korido, mgonjwa amesimama foleni dakika arobaini, anaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, anaulizwa jina na kijiji huku mashine inapanda. Kipimo hicho ni cha juu kuliko ukweli, na mtu ataongezewa dawa asiyoihitaji.

Utaratibu: kibofu kitupu, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Aketi dakika 5 kimya kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya sweta. Hakuna maongezi. Pima mara mbili, ukiachanisha dakika moja hivi.

Mkanda ni tatizo la kimyakimya. Ule wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 ukimfunga huohuo, unapata presha ya uongo iliyo juu. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mikono Alhamisi moja tu, uone wangapi wanazidi 32. Ukiwa na hiyo namba, ombi la mkanda mkubwa kwa Mganga Mfawidhi linakuwa na nguvu.

Halafu fungua rejesta uangalie tarakimu za mwisho. Mashine ya saa, ile ya mshale, ina mistari ya 2, kwa hiyo 0, 2, 4, 6 na 8 zinatakiwa kutokea karibu sawa, kila moja kama asilimia 20. Ukikuta ukurasa mzima ni 120/80, 130/80, 140/90, hapo watu wanakadiria. Na ukikuta 135 kwenye mashine ya saa, jiulize imetoka mstari upi.

Nafasi? Hamisha viti vitatu vyenye egemeo kutoka chumba cha mikutano, viweke mbali na dirisha la dawa. Mmoja anapimwa, wawili wanapumzika. Foleni ya kusimama igeuke ya kukaa.

Kadi_na_Boksi

Sista kamaliza. Mimi naongelea boksi.

Kuna mfano upo hukohuko kituoni kwenu: kliniki ya CTC, ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Wenzetu wanajua nani hajaja kwa sababu wanafuatilia kwa tarehe ya miadi. Fanyeni hivyohivyo. Tengeneza vigawanyo vya maboksi ya dawa, kimoja kwa kila Alhamisi ya miezi mitatu ijayo, yaani 13, na kimoja cha "wasiofika". Mgonjwa akimaliza, kadi yake inaingia kwenye Alhamisi atakayorudi. Jumatano alasiri mhudumu anatoa kadi za kesho, anaona kabisa ni 70 au ni 110. Kliniki ikifungwa, kadi zilizobaki mezani ndiyo orodha ya wasiofika. Hakuna kompyuta, hakuna rejesta mpya. Kama mnatumia mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS sawa, ila boksi halikatiki umeme.

Wasiofika wapigiwe ndani ya siku 7. Namba za simu ziandikwe mbili, yake na ya jirani au mtoto, na zihakikiwe kila hudhurio maana laini zinabadilishwa. Asiyepatikana apewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake, kwa jina na si kwa kutangaziwa ugonjwa wake kwenye mkutano wa kijiji.

Foleni ya saa kumi na mbili: wape miadi ya saa, makundi ya saa mbili, saa nne na saa sita. Mwanzoni watakuja wote asubuhi kwa sababu wanaogopa dawa kuisha. Ukimhudumia wa saa nne kabla ya wa saa mbili kwa kuwa tu katangulia, utaratibu umekufa wiki hiyohiyo.

Mzee_wa_Leja

Yote mazuri, ila amlodipine ikikosekana wiki tatu, kalamu nyekundu na manila hazishushi presha ya mtu. Mgonjwa akiambiwa mara mbili akanunue duka la dawa, mara ya tatu haji. Watu wanasema MSD, MSD (Bohari ya Dawa). Nusu ya tatizo ni hesabu ya kituo chenyewe.

Mfano: leja inaonyesha vidonge 9,000 vimetoka ndani ya miezi mitatu. Mtu anagawa kwa 3, anaandika matumizi ya mwezi 3,000. Lakini mwezi mmoja kati ya hiyo rafu ilikuwa tupu. Gawa kwa 2, matumizi halisi ni 4,500. Ukiagiza kwa 3,000 unajitengenezea ukosefu wa kipindi kijacho, na kipindi kinachofuata namba inashuka tena. Halafu linganisha na kadi: kama wagonjwa 200 wako kwenye kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 30 ni vidonge 6,000. Ukiona leja 4,500 na kadi 6,000, tofauti hiyo ni watu wanaonunua nje au wameacha.

MSD ikikosa, kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, na fedha ziko akaunti ya kituo, zinapita FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo. Ombi liandaliwe akiba ikiwa bado ipo, si siku rafu imeisha, kwa sababu saini zina safari yake.

Mratibu_Mpya

Nashukuru sana wakuu. Mzee wa Leja, kumbe kadi na leja zinaweza kukaa meza moja, hilo sikulifikiria. Kwa waliotulia, kuwapa dawa za miezi mitatu kunaruhusiwa? Na lile la kutoonekana mkaguzi bado.

Mzee_wa_Leja

Uamuzi ni wa tabibu, na akiba lazima ibebe. Anza na waliotulia mahudhurio matatu mfululizo, wape miezi miwili kwanza. Ukiwapa watu 100 miezi mitatu kwa mkupuo, kwa kidonge kimoja kwa siku ni vidonge 9,000 siku moja. Pishanisha wiki. Wa bima, ulizia kwanza madai yatalipwa kwa siku ngapi.

Mwezeshaji_Kanda

La ukaguzi ndilo gumu kuliko yote hapo juu, kwa sababu wewe umetoka halmashauri, na gari la halmashauri likiingia getini kila mtu anatafuta kofia yake.

Tenganisha siku. Siku ya usimamizi shirikishi ya CHMT (timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri) na dodoso lake iwe nyingine, siku yako iwe nyingine, na kwenye siku yako usibebe fomu. Nenda Alhamisi kliniki ikiwa inaendelea, si Jumatatu. Keti kwenye viti vya wagonjwa kwa muda wa saa moja na uandike muda: kafika, kapimwa, kaonwa, kapewa dawa, kwa watu 10. Takwimu hizo wape wao kwanza kabla hazijafika kwa DMO (Mganga Mkuu wa Wilaya). Taarifa ikiwahi juu kabla ya kujadiliwa chini mara moja tu, hutaambiwa ukweli tena.

Kikao kirefu cha mwezi mkiache kwanza. Wekeni dakika 10 za kusimama Alhamisi saa moja na nusu asubuhi: mapokezi, mhudumu, muuguzi, tabibu, maabara, dawa. Kadi za leo ngapi, nani hayupo zamu, dawa gani imebaki kidogo, tulisema tutajaribu nini wiki hii. Mhudumu wa mapokezi aanze kuongea, tabibu awe wa mwisho. Ukianza na tabibu wengine wataitikia tu.

Mabadiliko yajaribiwe madogo. Kalamu nyekundu: Alhamisi moja, tabibu mmoja, wagonjwa 10. Jioni uliza nini kiligoma. Mara nyingi ni kitu kidogo: kalamu ilikuwa moja, ikaondoka na mtu mfukoni. Rekebisha, Alhamisi ijayo jaribu na wote wawili.

Ukitaka hoja ya kumshawishi DMO akupe muda: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliojumlisha tafiti 23 za huduma ya msingi, ulikuta kliniki zilizopata mwezeshaji zilikuwa na uwezekano mara 2.76 zaidi wa kufuata miongozo ya matibabu. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba mwezeshaji mmoja akiongezewa kliniki nyingi, matokeo yanapungua. Kwa hiyo ushauri wa Tabibu wa kuziacha zahanati kwanza una msingi. Kituo hicho kimoja kila wiki mbili kwa miezi mitatu, baadaye mara moja kwa mwezi, ndipo uongeze zahanati ya kwanza.

Sista_wa_OPD

Niongeze moja, uhamisho. Kila kazi ya Alhamisi ijulikane na watu wawili: kupanga kadi, kupiga simu, kujaza manila. Barua ya uhamisho ya muuguzi wa kliniki ikija Jumanne, Alhamisi ya wiki hiyo bado kadi zinatakiwa kutoka.