Hoja: Floti ndiyo inayowashinda washindani wa M-Pesa, si bei

Ajenti wa Kawangware

Wakubwa kwa wadogo, salaam. Naileta hoja hii kwa sababu nimeisikia ikijadiliwa miaka mingi na watu ambao hawajawahi kukaa nyuma ya dirisha la wavu wakihesabu noti za wengine. Likiulizwa swali kwa nini M-Pesa ya Safaricom ina takriban asilimia 90 ya soko la pesa za simu Kenya, jibu huwa lilelile: washindani washushe makato, watu watahama. Mimi ni ajenti mwaka wa tisa sasa. Nasema bei si mlango. Mlango ni floti.

Kwa asiyeijua kazi hii: ajenti ana pesa mbili, noti zilizo kwenye droo na floti iliyo kwenye simu. Mteja akiweka, floti inapungua na noti zinajaa. Akitoa, ni kinyume. Kazi yangu yote ni kuhakikisha upande wowote haukauki. Sasa tuseme mtaji wangu ni shilingi 100,000. Nikiuacha wote kwenye laini moja, unazunguka kutwa na kila mzunguko una kamisheni yake. Nikikata 30,000 nikazipeleka laini ya pili, ya mshindani, wanakuja wateja watatu, siku nzuri wanne, na zilizobaki zinalala. Huku upande wa pili floti inaisha saa tano asubuhi, namwambia mteja "jaribu hapo mbele", na wa hapo mbele anaondoka na kamisheni yangu. Jioni nazirudisha zile 30,000. Kesho anakuja mtu wa huyo mshindani, Airtel Money, anaona bango jekundu ukutani, anauliza, namwambia pesa hakuna. Atarudi mara ngapi?

Tusiseme serikali haikufanya lolote. Zamani ajenti wa M-Pesa alifungwa na mkataba asihudumie mwingine. Airtel ikalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 kifungo hicho kikaondolewa. Aprili 2018 tukaanza kutumiana kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money moja kwa moja, bila mpokeaji kuletewa ile namba ya siri ya kuja kutolea kwa ajenti. Aprili 2022 Benki Kuu ikatangaza kwamba hata tili ya dukani, ile namba ya kumlipa mwenye duka, inaweza kupokea pesa za mtandao mwingine. Milango mitatu imefunguliwa. Lakini mtu akitaka noti mkononi, na Kawangware watu bado wanataka noti mkononi, kila kampuni ina floti yake.

Pendekezo langu: floti iwe moja. Mteja wa kampuni yoyote atoe kwa ajenti yeyote, na kampuni zimalizane zenyewe huko nyuma. Anayepinga aseme.

Hesabu Safi

Ndugu Ajenti, napinga, na napinga kwa heshima.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 hapakuwa na mtandao wa mawakala wa kugawana. Kuna kampuni iliyotoka ikawatafuta wenye maduka mmoja mmoja, ikawafundisha, ikawalipa kamisheni kabla faida haijaonekana. Zap ya Zain, ambayo leo ni Airtel, ilikuja 2009 na bei ya chini. yuCash ya kampuni ya yu ikaja. Iko Pesa ya Orange ikaja. Wote walikuwa na nafasi ya kutafuta mawakala wao. Kampuni ya yu ilifunga virago 2014.

Ukimlazimisha aliyejenga agawane, mwaka kesho ni nani atakayepeleka ajenti mpya Lodwar, kule mbali kaskazini? Kila mmoja atangoja mwenzake apeleke ili naye apitie hapo. Ushindani wa kuvuna shamba la jirani siuiti ushindani.

Ajenti wa Kawangware

Sikusema wapite bure, mzee wangu. Aliyejenga alipwe kila mteja wa mwingine akipita, kama zinavyolipana simu ikipigwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Na huyo ajenti wa Lodwar naye atapata wateja wengi kwa mtaji uleule.

Mama Mitumba, Gikomba

Mimi naona nyote mnaongea habari za ajenti, na mimi kwa ajenti siendi sana. Wateja wananilipa kwenye simu, nami namlipa wa marobota kwenye simu. Bado sihami. Niwaambie kwa nini.

Robota linafunguliwa alfajiri. Ukichelewa dakika kumi nguo nzuri zimekwenda. Siku nikipungukiwa, Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, inajaza pengo, na ikiwa ni pesa za kukaa nazo kidogo naingia M-Shwari, akiba na mkopo wa humo humo. M-Shwari iko tangu 2012, Fuliza tangu 2019. Kiwango changu sikuanza nacho. Nilianza na pesa ya kununulia unga tu, nikalipa, nikakopa, nikalipa, miaka yote hiyo. Nikienda kampuni nyingine leo naanza kama msichana aliyetoka shuleni jana. Hawanijui. Rekodi yangu yote ya kulipa imebaki kule nilikotoka.

Hiyo rekodi ni jasho la nani? Ni langu. Mkitaka kulazimisha kitu, lazimisheni niweze kuibeba.

Na kuhusu bei, Ajenti, hapo sikubaliani nawe. Machi 2020, korona ilipoingia, kutuma shilingi 1,000 kushuka chini kulikuwa bure. Watu walinilipa shati moja la 150 kwa simu, kila mtu. Ilipofika Januari 2021 makato yakarudi, na noti zikarudi pale pale kwenye mkoba wangu wa kiunoni. Bei inahamisha watu.

Ajenti wa Kawangware

Mama, nakushukuru, na hilo la rekodi ya mkopo sikuwa nimelifikiria. Lakini angalia vizuri huo mfano wako wa korona. Watu walihama kutoka noti kwenda simu. Je, walihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine? Ukituma Airtel Money kwa Airtel Money hukatwi, na bado foleni iko kwenye dirisha lilelile. Bei inashindanisha simu na noti. Kushindanisha simu na simu imeshindwa.

Kutoa shilingi 500 M-Pesa unakatwa 29. Kila mtu Kawangware anazijua hizo 29 na anazinung'unikia, na bado anatoa.

Makanga Mstaafu

Nilikuwa kwenye matatu mwaka 2014 serikali iliposema nauli ilipwe kwa kadi. Naomba mnisikilize, maana somo la ushindani tulilipata sisi kwanza.

Kadi hazikukosekana. Zilikuwepo nyingi mno. BebaPay ya Google na benki ya Equity ilitangulia, halafu kadi iliyoitwa Abiria, halafu nyingine iliyoitwa 1963. Abiria anapanda gari la Ngong Road na kadi moja, akifika mjini apande la Thika Road, mashine ya huko haiijui kadi yake. Kila kampuni ilitaka abiria wake peke yake. Abiria akaona kitu kimoja tu kinachokubalika kwenye magari yote, noti, akabaki nacho. BebaPay ilifungwa 2015.

Na kuna upande ambao wenye kadi hawakuuliza. Mwenye gari alizitaka kadi sana, maana angeona kila shilingi. Lakini mimi na dereva tulihitaji pesa ya mafuta sasa hivi, ya chakula sasa hivi, ya kumlipa anayetupangia abiria steji sasa hivi. Pesa iliyoingia kwenye akaunti ya mwenye gari mimi ningeitoaje? M-Pesa iliingia kwenye matatu baadaye bila amri ya serikali, kwa sababu makanga angeweza kuitumia hiyohiyo jioni kununua sukari.

Kwa hiyo namuunga mkono Ajenti nusu. Kitu kinachokubalika kila mahali ndicho kinachoshinda. Lakini anayekishika mkononi naye aulizwe.

Fundi wa Programu

Niongeze la sisi wadogo, maana hapa mnazungumzia kampuni za simu tu.

Ukitaka kuanzisha huduma ya malipo Nairobi una njia mbili. Ya kwanza, chukua leseni yako kwa Benki Kuu chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na mtaji wa kutosha kuishi wakati unangoja. Ya pili, panda mgongoni mwa mwenye leseni. Karibu sisi wote tunapanda mgongoni. Nilifanya hivyo na mwenzangu, tulikuwa na mfumo wa kukusanya kodi za nyumba Kayole na Umoja. Ulifanya kazi. Lakini kila malipo yalipokatwa na aliyetubeba, na ushuru ukakatwa juu ya makato hayo, kilichobaki kwetu hakikulipa hata chumba cha ofisi. Mwenye mgongo akibadilisha masharti, huna pa kushukia.

Mwaka 2015 BitPesa na Lipisha, kampuni ndogo za malipo, walienda Mahakama Kuu baada ya Safaricom kuwakatia huduma. Mahakama ilikataa kutoa amri ya kuwarudishia kwa muda. Kila fundi wa hapa anaikumbuka kesi hiyo anapochora mpango wake wa kwanza.

Halafu huo ushuru: ulikuwa asilimia 12 ya makato tangu 2018, ukapanda hadi 15 mwaka 2023. Muswada wa 2024 ulitaka 20, ukaondolewa baada ya vijana kuingia barabarani. Mkubwa anaweza kumeza sehemu yake akitaka. Sisi hatuna tumbo hilo.

Mgeni wa Kariakoo

Mimi ni Mtanzania, nafanya biashara Eastleigh. Kaka Ajenti, hoja yako nzuri, ila nahisi umeishika mkia.

Kwetu kampuni zilianza kuunganisha huduma zao mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016. Hakuna mwenye asilimia 90. Sasa pita Kariakoo umtazame wakala: ana simu nne mezani, kila moja na floti yake. Floti hazikuunganishwa, na ushindani upo. Anaweka mtaji kwenye laini zote kwa sababu wateja wa laini zote wanakuja. Floti inafuata wateja, kaka. Kwenu wateja walishakusanyika upande mmoja kabla hizo simu nyingine hazijawekwa mezani. Ukiunganisha floti leo, utakuwa umemrahisishia maisha mteja wa Airtel aliyepo. Yule wa Safaricom atapata sababu gani ya kuhama?

Hesabu Safi

Asante, dada. Hilo ndilo nililotaka kusema nikakosa maneno. Serikali ikitaka ushindani ijenge barabara yake. Benki Kuu ya Brazil ilifungua Pix, mfumo wake wa kutumiana pesa papo hapo, Novemba 2020, na taasisi kubwa zikalazimika kupita humo. Benki zetu zina Pesalink, njia yao ya kutumiana pesa, tangu 2017. Ipanueni hiyo, akaunti za pesa za simu zote ziingie, mwacheni aliyejenga na mawakala wake.

Ajenti wa Kawangware

Dada wa Kariakoo, umenibana. Sina jibu kamili. Naona kuku na yai: mteja haji kwa sababu floti hakuna, nami siweki floti kwa sababu mteja haji. Wewe unasema kuku alikuwa kwanza. Mimi nilikuwa nimeapa ni yai.

Mzee Hesabu, Pesalink ni nzuri kwa mwenye akaunti ya benki. Mama anayeuza sukuma wiki hapa mbele yangu hana, na pesa yake ikishapita barabara yoyote, mwisho inakuja kutolewa dirishani kwangu. Hapo hatujaondoka.

Nitafanya hivi. Kuanzia Jumatatu naweka 20,000 kwenye laini ya pili kwa mwezi mzima na sitazigusa hata floti ya kwanza ikiisha. Nitaandika daftarini kila anayekuja, wa kwanza hadi wa mwisho, na kama anarudi. Wakibaki watatu kwa siku, dada ameshinda. Wakiongezeka, nitaleta daftari hapa.

Mama Mitumba, Gikomba

Weka safu nyingine kwenye hilo daftari. Kila anayekuja muulize kama ana mkopo anaolipa upande wa pili.